Kwa nini noti zilezile hazitoi sauti ileile?

Huenda umekutana na video hizi: kioo kimegawanywa vyumba vinne au sita, na katika kila chumba yumo mtu yuleyule. Hapa kakumbatia besi, pale yuko nyuma ya dramu, kule kainamia kinanda. Haimbi. Anachotaka ni kuurudia upande wa vyombo wa wimbo wa mwaka 1965 au 1975 vilevile ulivyotoka kwenye santuri, pigo kwa pigo, hadi msikilizaji ashindwe kutofautisha. Hii si kopi ya bendi ya baa, ambako mpigaji akiupatia mkondo wa wimbo watu wanainuka kucheza na hakuna anayeuliza zaidi.

Ajabu yake ni hii. Noti za nyimbo hizo zinajulikana, vitabu vyake vinauzwa, na magitaa ya aina ileile bado yanatengenezwa. Fundi wa muziki anaweka kila noti mahali pake, anasikiliza alichorekodi, na siyo yenyewe. Kwa nini?

Kwa sababu sauti nyingi tunazozipenda kwenye rekodi hizo hazikuwahi kupigwa na mtu yeyote. Zilizaliwa kwenye mashine.

Chukua "In My Life" ya Beatles. Katikati yake kuna kipande chepesi cha mbio kinachosikika kama hapsikodi, kile kinanda cha Ulaya cha enzi za Bach. Wengi wanaojaribu kuurudia wimbo huo hutafuta sauti ya hapsikodi kwenye kinanda cha umeme, na hapo hapo wanapotea, maana ile ni piano. Oktoba 1965 John Lennon aliacha nafasi tupu katikati ya wimbo bila kujua ijazwe na nini. Mtayarishaji wao, George Martin, akatunga kipande cha mtindo wa Bach, ila kikawa na kasi iliyomzidi vidole. Basi kanda ikaendeshwa kwa nusu ya mwendo wake, Martin akapiga taratibu, oktava moja chini, yaani noti zilezile kwa sauti nzito zaidi. Kanda iliporudishwa kwenye mwendo wa kawaida, piano ikapanda oktava nzima na kukimbia mara mbili.

Waliokulia na redio za kaseti wanaijua sayansi hii bila kufundishwa. Betri zikianza kuisha, mwimbaji anakuwa na sauti nzito na wimbo unajikokota. Katika kanda, mwendo na kimo cha sauti havitengani: ongeza mwendo kwa asilimia 6 hivi na kila kitu kinapanda nusu toni, zidisha mara mbili na unapata oktava. Lakini kimo peke yake kisingeibadilisha piano ikawa hapsikodi. Kila noti ya piano huanza na kishindo cha nyundo kugonga nyuzi, kisha hufifia polepole. Ukiiharakisha mara mbili, kishindo kinakuwa kikali zaidi, na kule kufifia kunachukua nusu ya muda wake. Sikio linaamua kwamba hiki ni chombo kingine. Wapo wapiga piano leo wanaoweza kukipiga kipande kile kwa kasi kamili, na nawavulia kofia, lakini piano zao zinabaki piano.

Hila hiyo ilishatumika kwenye solo ya "A Hard Day's Night" mwaka 1964: George Harrison, mpiga gitaa wa Beatles, na gitaa lake la nyuzi 12, Martin na piano, wote wawili juu ya kanda iliyopunguzwa mwendo. Katika "Rain" ya 1966 walikwenda upande wa pili. Vyombo vilipigwa kwa kasi kisha kanda ikapunguzwa mwendo, ndiyo maana dramu za wimbo ule zina uzito usioupata kwa kugonga kwa nguvu.

"Strawberry Fields Forever" ndiyo kaburi la wanaojiamini. Mwishoni mwa 1966 Lennon alipenda mwanzo wa toleo moja na mwisho wa jingine, na matoleo hayo yalitofautiana kasi na hata kimo. Martin na fundi mitambo Geoff Emerick wakachezea mwendo wa kanda mpaka mawili hayo yakakutana, wakakata, wakaunga. Mshono uko karibu na dakika ya kwanza. Matokeo yake wimbo hauko kwenye kimo cha A wala cha B bapa, iliyo nusu toni juu yake, umekaa katikati, na gitaa lililotyuniwa sawasawa haliwezi kwenda nao. Mwenye video ana njia mbili: atyuni upya kila chombo, au apige kwa kawaida kisha aikokote rekodi yake mwenyewe kwa kompyuta. Kwangu mimi njia ya pili ndiyo yenye heshima, kwa kuwa ndivyo kazi ilivyofanyika. Besi iliyopunguzwa mwendo haisikiki kama besi iliyolegezwa nyuzi.

Si Beatles peke yao. Fundi mitambo wa ABBA, bendi ya Uswidi, Michael B. Tretow, alisoma kuhusu Phil Spector, mtayarishaji wa Marekani aliyekuwa akiijaza studio ya Gold Star mjini Los Angeles wanamuziki wengi kupita kiasi, magitaa na piano kadhaa zikipiga kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kule Stockholm hapakuwa na fedha za umati kama huo. Tretow akairekodi bendi, akabadili kidogo mwendo wa kanda, akawafanya wapige tena juu yake. Tabaka mbili zinazopishana kimo kwa unywele zinainenepesha sauti. Anayeurudia "Ring Ring" ya 1973 kwa gitaa moja la bei mbaya atapata sauti safi na nyembamba, atailaumu amplifaya, na amplifaya haina kosa.

Kuna kitendawili kingine ambacho watu wamekikunia vichwa miaka 60 sasa: ule mlipuko mmoja unaofungua "A Hard Day's Night". Ni kordi moja tu, noti kadhaa kwa pigo moja, kama sekunde tatu, halafu wimbo unaanza. Harrison aliulizwa mwaka 2001 katika mazungumzo ya mtandaoni, akajibu kwamba alipiga F yenye G juu yake, ila kuhusu noti ya besi wakamuulize Paul McCartney, mpiga besi wao. Ukiipiga hiyo F kwenye gitaa la nyuzi 12 unakaribia, lakini hufiki. Jason Brown, profesa wa hisabati wa Chuo Kikuu cha Dalhousie nchini Kanada, akaichambua sauti kwa hesabu za Fourier, zinazouvunja mchanganyiko wa sauti na kuonyesha kila mtetemo uliomo. Hoja yake ilikuwa kwamba baadhi ya mitetemo imekuja kwa vikundi vya vitatu, na chombo ambacho noti yake moja hutoka kwenye nyuzi tatu zinazogongwa pamoja ni piano. Kwa hiyo George Martin naye alikuwemo, kajificha nyuma ya magitaa. Bado watu wanabishana kuhusu noti gani hasa ilipigwa na nani, lakini anayetengeneza video bila kuweka piano mle ndani anajisumbua bure.

Baada ya mashine kuna mikono, na hapa pesa haisaidii sana. James Jamerson, mpiga besi aliyezibeba nyimbo nyingi za kampuni ya rekodi ya Motown pale Detroit, alipiga kwa kidole kimoja tu, cha shahada, na wenzake walikiita ndoano. Nyuzi zake zilikuwa nene na laini, na hakuzibadilisha mpaka ikatike mojawapo. Aliamini uchafu wake ndio ladha. Besi yake, Fender Precision, ilikwenda moja kwa moja kwenye mitambo bila spika. Mtu akinunua Fender mpya inayong'aa, akafunga nyuzi mpya na kupiga kwa vidole viwili kama walivyomfundisha, noti zitakuwa za Jamerson na sauti itakuwa ya dukani. Tena chombo chenyewe hakipo cha kukichunguza, kwani kiliibwa muda mfupi kabla ya kifo chake mwaka 1983. Ringo Starr, mpiga dramu wa Beatles, naye anatumia mkono wa kushoto, lakini alipiga dramu zilizopangwa kwa mtu wa kulia, basi mizunguko yake huanzia upande usiotarajiwa na kuacha pengo dogo ambalo mpigaji wa kulia hulijaza bila kujua. Kwenye rekodi zao za mwisho alifunika dramu kwa taulo za jikoni. Hiyo walau ni rahisi kuiga.

Queen, bendi ya Freddie Mercury aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, wana mtego wao. Brian May hutumia gitaa alilolichonga nyumbani pamoja na baba yake kuanzia 1963, na badala ya kikucha cha plastiki hushika sarafu ya zamani ya Uingereza, ile ya peni sita, inayokwaruza uzi inapougusa. Katika "Good Company" ya 1975 utasikia tarumbeta, klarineti na tromboni za bendi ya jazi ya kizamani. Usiende kutafuta wapuliza tarumbeta. Yote ni gitaa hilohilo, likipitia amplifaya ndogo aliyoitengeneza mpiga besi wao, John Deacon, kutokana na vifaa vilivyookotwa kwenye pipa la taka.

Wapigaji wetu wa zilipendwa nao hukwama mahali panapofanana na hapo. Kijana anayejifunza rumba ya Kongo kwa YouTube anaweza kukesha akitafuta jinsi vidole vilivyofika kwenye noti zile za juu zinazometameta katikati ya magitaa, wakati siri iko kwenye nyuzi: katika mtindo uitwao mi-composé, uzi wa nne hutolewa na kuwekwa mwembamba unaotyuniwa oktava moja juu. Ukiwa na gitaa la kawaida, vidole vyako havina kosa lolote na bado hutafika. Halafu kama unakopi kutoka kwenye kaseti iliyodurufiwa kutoka kaseti nyingine, kila mashine iliyopita hapo kati imesogeza kimo kidogo, na unaweza kuapa kwamba bendi nzima ilipiga katikati ya noti mbili.

Chumba chenyewe ni sehemu ya sauti pia. Motown walitoboa dari na kuitumia nafasi ya juu ya nyumba kuwa chumba cha mwangwi: sauti ilipigwa humo kwa spika, ikanaswa upya kwa maikrofoni ikiwa imezungukazunguka kutani. Siku hizi programu za kompyuta huiga vyumba vya aina hiyo kwa karibu sana, na hapa ndipo mtu wa leo ana unafuu mkubwa.

Unafuu mwingine ni katika kusikia. Zamani aliyetaka kukopi alirudisha sindano kwenye santuri mpaka ikachakaa. Rekodi za mwanzo za stirio zilimsaidia bila kukusudia, kwa sababu mara nyingi waimbaji waliwekwa upande mmoja na vyombo upande mwingine. Ukizima spika moja unabaki na bendi. Mwaka 2009 ulipotoka mchezo wa video wa Beatles katika mfululizo wa Rock Band, mashabiki walichomoa humo sauti za vyombo zikiwa zimetenganishwa, na ubishi wa miaka mingi ukaisha ndani ya majuma. Mwaka 2019 kampuni ya Deezer ikatoa bure programu ya Spleeter, inayotenganisha sauti za waimbaji, dramu na besi kwa kompyuta iliyofunzwa. Teknolojia ya jamii hiyo ndiyo iliyoichomoa sauti ya Lennon kutoka kwenye kaseti ya nyumbani kwa ajili ya "Now and Then" ya 2023.

Hata hivyo kazi iliyonishika kuliko zote ilifanywa kwa masikio matupu. Leonid Vorobyev, mwanamuziki wa Moscow, aliamua kuadhimisha miaka yake 60 kwa kurekodi wimbo wa bendi ya Marekani iitwayo Chicago, iliyosifika kwa tarumbeta na tromboni zake. Aliandika kila noti kwa kusikiliza, akawakusanya marafiki, wakaiweka video mtandaoni mwaka 2014. Ilipokelewa vizuri kiasi kwamba kundi hilo, Leonid & Friends, baadaye lilikwenda kufanya ziara huko huko Marekani.

Na je, sheria inaruhusu? Kwa Marekani jibu linashangaza. Kifungu cha 114 cha sheria yao ya hakimiliki kinasema mwenye rekodi analindwa dhidi ya kunakiliwa kwa sauti zenyewe zilizomo, lakini hawezi kumzuia mtu kupiga upya na kurekodi sauti zinazofanana nazo kabisa. Utunzi ni suala jingine: mtunzi bado ana haki zake, na mapato ya video mara nyingi huishia kwake. Mwanya huo ni mzee kuliko intaneti. Mwaka 1976 Todd Rundgren alijaza upande mzima wa santuri yake "Faithful" kwa kuzirudia rekodi za watu, ikiwemo "Strawberry Fields Forever", kama zilivyo. Kati ya 2021 na 2023 Taylor Swift alitoa albamu zake mwenyewe alizozirekodi upya kwa msingi huohuo, baada ya rekodi asilia kuuzwa kwa wengine. Sauti ya binadamu ina ulinzi wa ziada: mwaka 1988 mahakama ya rufaa ilimpa haki mwimbaji Bette Midler dhidi ya kampuni ya magari ya Ford, iliyotumia mwimbaji wa kumwiga kwenye tangazo. Gitaa halina kesi ya namna hiyo.

Ukitaka kuikamata hila ya kanda kwa masikio yako, usitumie kitufe cha YouTube cha kupunguza kasi, kwa kuwa kimeundwa kulinda kimo kisibadilike. Chukua programu ya bure kama Audacity, fungua "In My Life", chagua kubadili mwendo pamoja na kimo, uweke nusu. Lennon atageuka jitu lenye usingizi. Subiri kipande cha katikati kifike, na utaisikia piano ya kawaida kabisa, ikipigwa bila haraka yoyote na mtayarishaji aliyekaa nayo studio Oktoba 1965.