Sista mkali hakuchukii

Wanafunzi wa afya wanaokwenda mafunzo ya vitendo hapa Mwanza huambiana kwamba manesi hawawapendi. Si kweli. Muuguzi ana leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Ukimpa mgonjwa dawa bila yeye kujua, atakayeulizwa ni yeye, iwe hospitali ya Bugando au kituo cha afya Ukerewe. Nawe umeingia asubuhi, zamu ya usiku inakabidhi wodi, unauliza faili liko wapi! (Hata mimi ningekufokea.) Subiri wamalize. "Shikamoo sista," kisha taja jina, chuo na mwaka wa masomo. Faili lirudishe ulipolitoa. Halafu mwombe akuonyeshe anavyotafuta mshipa wa mtoto aliyepungukiwa maji: anaupapasa kwa kidole, anaupata kabla wewe hujauona.