Taa ya miche ya kujiundia: rangi baadaye, kwanza mkondo na joto

Wanaonipigia simu kuhusu taa za mimea huanza na rangi. "Fundi, zile za zambarau unazo?" Zambarau imetangazwa mno mitandaoni, mpaka mtu anaamini taa nyeupe haiwezi kuotesha hata pilipili. Mimi ni fundi wa elektroniki hapa Arusha, na taa nyingi ninazounda huenda kwenye vyumba vya migomba ya tishu, yaani miche inayooteshwa maabara kutoka kipande kidogo cha mmea. Ni vyumba visivyo na dirisha, vichupa vya miche vimepangwa kwenye rafu, taa zinawaka saa 16 kwa siku. Karibu zote ni nyeupe, na miche inatoka ya kijani kibichi, imara.

Zambarau ina asili yake. LED nyekundu zenye nguvu zilitangulia sokoni, na watafiti walioshirikiana na NASA kuotesha mboga za wanaanga walianza nazo, wakisaidiwa na bluu kidogo ya mirija ya floresenti. LED ya bluu yenye mwanga wa kutosha alikuja kuitoa Shuji Nakamura mwaka 1993, na mwaka 2014 yeye, Isamu Akasaki na Hiroshi Amano wakapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Changanya nyekundu na bluu, unapata zambarau. Hesabu ilikuwa kwamba klorofili hufyonza zaidi rangi hizo mbili, kwa hiyo kijani ni hasara. Lakini Keith McCree alishapima majani ya aina 22 za mazao na kuchapisha matokeo mwaka 1972: mwanga wa kijani nao hutumika, tena si haba. Kwenye jani nene hupenya chini zaidi kuliko bluu na nyekundu.

Halafu LED nyeupe yenyewe ni chipu ya bluu iliyopakwa unga wa fosfori unaogeuza sehemu ya bluu kuwa njano na nyekundu. Ukinunua nyeupe, bluu umeshapata. Nyeupe ya 6500K (K ni kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga) ina bluu nyingi na hufanya miche iwe mifupi, minene ya shingo. Ya 3000K ina nyekundu zaidi. Mimi hutumia 4000K, na mteja akitaka naongeza chipu mbili za nyekundu ya nanomita 660 kwa kila mhimili, yaani kila kipande cha aluminiamu kinachobeba chipu. Tena kuna jambo ambalo wauza zambarau hawalisemi: chini ya taa hiyo huwezi kuona jani linaloanza kuwa njano. Utitiri utakula nusu ya trei wewe unaona kila kitu ni cheusi.

Tuje kwenye kiasi, maana hapo ndipo watu hupotea. Lumeni na lux ni vipimo vya jicho la binadamu. Mmea unajali idadi ya fotoni, yaani chembe za mwanga, zinazolifikia jani, kati ya nanomita 400 na 700, na hizo hupimwa kwa mikromoli (sehemu ya milioni ya moli) kwa mita ya mraba kwa sekunde. Kipimo chake ni ghali, lakini kwa LED nyeupe kuna njia ya mkato: pima lux kwa simu, gawanya kwa 70. Sebule usiku ina lux kama 150, yaani mikromoli mbili. Wewe unasoma gazeti vizuri kabisa, mche wa nyanya unakufa njaa. Nje saa sita mchana, jua likiwa wazi, lux hufika 100,000. (Kwa jua gawanya kwa 54. Kwa taa ya zambarau usijaribu hesabu hii, lux itakudanganya vibaya.) Simu hazifanani kwa usahihi, ila kulinganisha katikati ya rafu na pembeni, simu yoyote inatosha.

Miche ya mboga, saladi, kotimiri na rehani huridhika na mikromoli 150, ambayo ni lux kama 10,500. Washa saa 16, jumla inakuwa moli 8.6 kwa siku. Shamba la wazi siku ya jua kali hupata zaidi ya moli 40. Kwa hiyo mtu akiniambia anataka kuvuna nyanya sebuleni kwa umeme wa kununua, namshauri atafute upenyo wa jua barazani au kwenye paa. Taa ni ya miche, mboga changa, na wanaoishi kwenye fleti ambazo dirisha linatazama ukuta wa jirani.

Sasa rafu yenyewe. Chukua ya sentimita 50 kwa 100, yaani nusu mita ya mraba. Mikromoli 150 juu ya eneo hilo ni 75 kwa sekunde zinazotua kwenye majani. Robo hivi ya mwanga hupotea pembeni, kwa hiyo taa itoe 100. Chipu za bei ya kawaida hutoa lumeni kama 110 kwa wati. Gawanya kwa 70, ni mikromoli 1.57 kwa kila wati. Unahitaji wati 65 za LED. Natengeneza mihimili sita, kila mmoja na chipu 12 za wati moja zilizofungwa mfululizo, chanya ya hii kwenye hasi ya ile. Kila chipu hula volti 3 hivi, zote 12 zinakuwa volti 36. Kwa mkondo wa miliampia 300, mhimili mmoja ni wati 10.8, na sita zinatimiza 65.

Mhimili wenyewe nachukua kwa mafundi wa madirisha ya aluminiamu. Vipande vya profaili vinavyobaki wanaviuza kwa kilo, na bomba la mraba la sentimita tatu ni hitisinki (kipoza joto) nzuri kuliko nyingi za dukani. Chipu ziwe zile zilizokaa juu ya nyota, yaani kibamba kidogo cha aluminiamu chenye umbo la nyota. Lehemu waya nje kwanza, au walau paka risasi kwenye miguu ya kila nyota, kabla hujaifunga kwenye profaili. Ikishagusana na chuma kile, joto la chuma chako cha kulehemu linakimbilia kwenye bomba, risasi haishiki, unabonyeza muda mrefu na chipu inaungua. Chini ya nyota weka grisi ya joto kiasi cha punje ya mchele, ibonyeze isambae, futa inayotoka. Skrubu ziwe na washa (vipete) za plastiki, maana kichwa cha skrubu ya M3 hugusa kwa urahisi mguu wenye risasi, na hapo umeshapeleka umeme kwenye fremu. Ukimaliza kila mhimili weka maltimita kwenye alama ya mlio: waya mmoja wa mita kwenye risasi, mwingine kwenye aluminiamu. Ikilia, fungua, tafuta.

Draiva, kifaa kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa mkondo unaofaa LED, ndiyo roho ya taa. Tafuta iliyoandikwa miliampia 300, DC 24–42V, moja kwa kila mhimili. Usije ukafunga chipu hizi moja kwa moja kwenye pawasapulai ya volti isiyobadilika eti kwa sababu hesabu ya volti imekubali. Chipu ikipata joto, volti inayoihitaji hushuka. Volti ikibaki ileile, mkondo unapanda. Mkondo ukipanda, joto linazidi, na mduara unaendelea mpaka kitu kiungue. Draiva ya mkondo tuli hukata mduara huo kwa sababu inashikilia miliampia na kuacha volti ijitafutie. Na unganisha LED kwanza ndipo uwashe umeme. Draiva iliyowashwa bila mzigo hupandisha volti hadi mwisho wake, na ukigusisha waya wakati huo kapasita inamwaga yote kwenye chipu kwa mpigo.

Kuna draiva za bei ya chini mno zisizo na transfoma ndani, zina koili ndogo tu. Hizo hazijatenganisha umeme wa ukutani na upande wa LED, kwa hiyo ukigusa mguu wa chipu unaweza kuwa umegusa volti 230. Kwenye rafu inayonyunyiziwa maji kila asubuhi mimi sizifungi, hata mteja alalamike bei. Fungua kasha uone transfoma, na fremu yote ipewe waya wa eathi. Draiva zikae juu au pembeni ya rafu, kamwe chini ya trei inayovuja.

Joto pimeni kwa kidole baada ya saa moja. Ukiweza kukiacha kwenye profaili kwa sekunde kama kumi bila kukiondoa, uko salama. Ukikitoa haraka, chipu yenyewe ina joto zaidi ya hapo na mwanga wake utafifia kabla ya wakati. Ongeza aluminiamu au punguza mkondo. Na hapa kuna siri ya pesa: chipu ileile ukiilisha nusu ya mkondo inatoa zaidi ya nusu ya mwanga. Mwenye uwezo anunue chipu mara mbili, aziendeshe taratibu. Zitamlipa kwenye umeme.

Umeme wenyewe tuuhesabu. Draiva nazo hula kidogo, kwa hiyo ukutani utaona wati 75 hivi. Kwa saa 16 ni yuniti 1.2 kwa siku, 36 kwa mwezi. Mteja wa TANESCO aliye kwenye D1, kundi lenye ukomo wa yuniti 75 kwa mwezi, ajue kwamba rafu moja imekula karibu nusu ya ukomo wake. Taima ya plagi ni lazima, na usidhani kuwasha saa 24 kutaharakisha mambo. Nyanya hasa huumia, majani hupata madoa ya njano. Mashamba ya maua ya krisanthemamu Kenya na Uganda huwasha taa hafifu katikati ya usiku kuzuia mmea usichanue, hiyo ni kazi nyingine kabisa, ya kuudanganya mmea kuhusu urefu wa usiku, na haihitaji mwanga wa kukuzia.

Ning'iniza mihimili kwa minyororo, sentimita 25 hivi juu ya ncha za miche, uipandishe kadiri inavyokua. Pembeni bandika karatasi nyeupe au paka rangi nyeupe isiyong'aa.

Siku mhimili mmoja ukizima wote, usiutupe. Mara nyingi chipu moja tu imekatika na imeangusha wenzake. Chomoa umeme, weka maltimita kwenye alama ya dayodi, gusa chipu moja moja: nzima huwaka kwa mbali, kama mita yako ina volti za kutosha. Iliyobaki giza, iruke kwa kipande cha waya. Chipu 11 ni volti 33, na draiva yako ya 24–42 haitajua tofauti.