Kibla: kwa nini misikiti ya pwani yetu hutazama kaskazini

Mgeni akiingia Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, macho humkimbilia ukuta wa mbele, kwenye lile tao lililoingia ndani ambako imamu husimama. Hapo pana maandishi ya Kikufi, mtindo wa kale wa kuandika Kiarabu, yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe, yenye mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107 Miladia. Sisi tunaofanya kazi ya majengo ya kale huwaomba wageni wayaache maandishi kwanza, wauangalie ukuta wenyewe. Umeelekea wapi? Kaskazini.

Tao hilo kwa Kiswahili ni kibla. Upande wa Makka nao ni kibla. Na mabaharia wetu wa zamani waliposema kibla na suheli, walikuwa na maana ya kaskazini na kusini. Neno moja limebeba yote matatu kwa sababu Unguja na Makka ziko karibu kwenye longitudo moja. Tofauti haifiki hata digrii moja.

Makka, lakini, haikuwa kibla ya Waislamu muda wote. Mtume Muhammad (S.A.W.) alizaliwa mjini humo yapata mwaka 570, akaanza kupokea wahyi mwaka 610 katika pango la Hira, kisha mwaka 622 akahamia Madina; kalenda ya Kiislamu inaanza kuhesabiwa kwenye Hijra hiyo. Huko Madina waumini walisali wakielekea Baitul Maqdis, Jerusalem, kwa miezi 16 au 17, hadi iliposhuka amri iliyomo katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 144, ya kuugeukia Msikiti Mtakatifu wa Makka. Ukitazama ramani utaona uzito wake: kutoka Madina, Jerusalem iko kaskazini na Makka iko kusini. Waliokuwa Quba, karibu na Madina, habari iliwakuta katikati ya sala ya alfajiri. Wakageuka papo hapo, mgongo ukawa uso.

Wengi wasio Waislamu hudhani kwamba kinachoabudiwa ni ile nyumba yenye kitambaa cheusi. Sivyo. Msingi wa Uislamu ni tauhidi, Mungu mmoja asiye na mshirika, na Kaaba ni mahali pa kuelekea tu. Mwaka 630, Mtume alipoingia Makka, masanamu yaliyokuwapo yaliondolewa, na masimulizi ya sira, yaani maisha ya Mtume, yanasema Bilal, mwadhini wake, alipanda juu ya Kaaba akaadhini. Hakuna anayepanda juu ya mungu wake. Tena aliye ndani ya Kaaba husali akielekea ukuta wowote.

Qurani yenyewe imelisema hilo mbele kidogo katika sura hiyohiyo, aya ya 177: wema si kugeuza nyuso mashariki au magharibi. Wema ni kumwamini Mungu, Siku ya Mwisho, malaika, kitabu na manabii. Kisha kutoa mali unayoipenda kwa jamaa, yatima na maskini, kusimamisha sala na kutoa zaka. Ukiongeza imani ya kadari, yaani majaliwa ya Mungu, iliyotajwa katika hadithi ya Jibrili, umepata nguzo sita za imani. Nguzo tano za Uislamu watoto wa chuoni wanazijua kwa moyo: shahada, sala, zaka, funga ya Ramadhani, na hija kwa mwenye uwezo.

Kati ya hizo, sala ndiyo inayorudiwa mara tano kila siku, na ndiyo iliyoacha alama kubwa zaidi kwenye majengo. Birika la kutawadhia lililo karibu na mlango, safu zilizonyooka, ukuta usio na picha: vyote vipo kwa ajili yake. Hija nayo huibadilisha sura hii. Mbele ya Kaaba safu hazinyooki tena, hupinda zikawa duara, na mahujaji huizunguka mara saba.

Anayetaka kuhakiki kibla chake hahitaji simu. Kila mwaka jua hupita juu ya Kaaba kabisa mara mbili: yapata Mei 28, saa sita na dakika 18 mchana, na yapata Julai 16, saa sita na dakika 27. Saa za Makka ni sawa na zetu, basi hakuna hesabu ya kufanya. Simamisha fimbo wima mahali palipo sawa. Hapa Unguja kivuli kitalala kusini, kirefu karibu nusu ya fimbo, na upande ulio kinyume chake ndio kibla. Siku moja mbele au nyuma haiharibu kitu.

Swali linalokuja karibu kila tukitoka nje ni la makaburi: mbona yamelazwa mashariki-magharibi, na msikiti unatazama kaskazini? Maiti wa Kiislamu hulazwa kwa ubavu wa kulia, uso ukielekea kibla. Kwa pwani yetu, hilo linataka kichwa kiwe mashariki na miguu magharibi.