Jina la chapa ya mtu liweke baada ya mkwaju (/)

Wiki haipiti bila kupokea ujumbe wa namna hii: "Kaka, nimepata jina kali la tovuti, na lilikuwa halijachukuliwa!" Kisha linafuata jina lenyewe, na ndani yake imekaa chapa ya simu au ya viatu ambayo hata mtoto wa darasa la pili anaijua. Mwenye ujumbe ameshalipia mwaka mzima. Anataka nimtengenezee tovuti ya kuchambua bidhaa hizo, aweke viungo vya kamisheni, na kila mtu akinunua yeye ale asilimia yake. Wengine kazi hii wanaiita afilieti. Mimi naiita udalali wa mtandaoni, na sijawahi kumwona dalali anayetundika kibao chenye jina la mwenye nyumba.

Jina kukubali kusajiliwa si ushahidi kwamba ni halali yako. Mtambo wa msajili, yaani kampuni iliyokuuzia jina, unaangalia kitu kimoja tu: lipo au halipo. Hauendi BRELA ya Tanzania wala KIPI ya Kenya, wanakosajili alama za biashara, kuuliza alama hiyo ya biashara ni ya nani. Mzigo huo umeubeba wewe, kwenye yale masharti marefu uliyoyapigia tiki bila kusoma. Kwa majina ya .com, .net na wenzake, mkataba wa msajili unakufunga na sera ya mwaka 1999 ya ICANN, shirika linalosimamia mfumo wa majina ya tovuti. Sera hiyo ya kusuluhisha ugomvi wa majina inaitwa UDRP, na humo imeandikwa kwamba ni wajibu wako kuhakikisha usajili wako hauvunji haki za mtu mwingine.

Utamu wa jina la namna hiyo naujua, maana nilishaulamba. Tovuti yangu ya kwanza ya kamisheni ilikuwa ya blenda. Si blenda kwa jumla, ni za kampuni moja tu, nami nikachukua jina la kampuni hiyo, nikaligandisha na "reviews", nikamalizia na .com. Miezi minane niliandika usiku baada ya kazi: jagi la kioo au la plastiki, ipi inasaga karanga bila mota kunuka moshi, ipi inapiga kelele hadi jirani anagonga ukuta. Kamisheni zikaanza kudondoka, leo dola 3, kesho dola 11. Asubuhi moja ikaingia barua pepe ya mawakili. Nikadhani ni matapeli, nikaifuta. Baadaye ikaja nyingine, safari hii kutoka kituo cha usuluhishi, na jina likawa limeshafungwa: silihamishi, simuuzii mtu. Nilipewa siku 20 za kujibu. Sikujibu. Kwanza niliona aibu, halafu niliogopa gharama. Jina likaondoka, na makala zaidi ya 40 zikabaki kwenye kompyuta yangu kama vyombo vya mpangaji aliyetolewa nje.

Nilikuja kujua nimechelewa kwamba kujibu hakulipiwi. Ada anaibeba mlalamikaji, yaani mwenye chapa. Kwa WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la miliki bunifu ambalo nalo lina kituo cha usuluhishi, ni dola 1,500 kwa msuluhishi mmoja na majina yasiyozidi matano. Kwa kampuni kubwa hiyo ni hela ya chai, kwa hiyo usijidanganye kwamba hawatahangaika na tovuti ndogo.

Ili alichukue jina, mlalamikaji anatakiwa athibitishe mambo matatu, yote kwa pamoja. Moja, jina lako linafanana na alama yake kiasi cha kuwachanganya watu. Mbili, huna haki wala maslahi halali nalo. Tatu, ulilisajili na unalitumia kwa nia mbaya. La kwanza kwake ni mteremko. Uongeze "bora", "bei" au "tz" pembeni, chapa bado inaonekana pale katikati. Kazi iko kwenye hayo mawili ya mwisho.

Watu wakisikia nia mbaya wanawaza mambo kama ya kesi ya kwanza kabisa ya UDRP. Mtu alisajili worldwrestlingfederation.com Oktoba 1999, na siku tatu baadaye akawaandikia wenye mieleka yao akitaka dola 1,000. Januari 2000 akaamriwa alikabidhi. Basi wateja wangu wananiambia: mimi simuuzii mtu jina, mimi naandika tu. Lakini sera ina mlango mwingine, na ndio unaotunasa sisi madalali: kuwavuta watu kwenye tovuti yako kwa ajili ya faida, kwa kuwafanya wadhani kwamba ni ya mwenye chapa au imepata baraka zake. Soma tena maneno hayo huku umefungua ukurasa wako wa kamisheni. Faida ipo. Waliokuja wamevutwa na chapa. Umebaki kubishana tu kama walidhani au hawakudhani, na maandishi madogo chini ya ukurasa, "tovuti hii si rasmi", peke yake hayakuokoi, maana mtu ameshafika kabla hajayasoma.

Wale wanaosajili chapa iliyorukwa herufi moja, kisha wanamrudisha mgeni kwenye duka lile lile la chapa kupitia kiungo cha kamisheni, wasiniletee kabisa. Huko ni kumtoza mtu kiingilio cha kwake mwenyewe.

Kuna hoja nyingine ninayoisikia sana: "Lakini hapa kwetu kila dawa ya meno ni kolgeti, limeshakuwa neno la wote." Hoja hiyo imepimwa mahakamani na jina kubwa zaidi. Mwaka 2012 yalisajiliwa majina ya tovuti 763 yenye neno google ndani yake, mengi yakiwa yameunganishwa na chapa au watu wengine maarufu. Mwenye alama akalalamika, yakaamriwa yahamishwe. Walioyachukua wakaenda mahakamani Marekani kudai kwamba google limekuwa kitenzi, kwa hiyo si mali ya mtu. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ikawakatalia: watu kulitumia neno kama kitenzi hakulifanyi liwe jina la kila mtambo wa kutafutia. Na walioko Marekani waongeze hofu kidogo. UDRP inaishia kulichukua jina au kulifuta, lakini sheria ya huko ya mwaka 1999 inairuhusu mahakama impe mwenye alama fidia ya dola 1,000 hadi 100,000 kwa kila jina.

Je, hakuna pa kupenya? Pana, ila ni pembamba. Mwaka 2001 muuzaji aliyeidhinishwa wa bidhaa za Oki Data alibaki na okidataparts.com. Vigezo vilivyotokana na kesi hiyo vinatumika hadi leo: uwe kweli unauza bidhaa hizo, uuze hizo tu, useme wazi uhusiano wako na mwenye chapa, na usihodhi majina yote yanayomfaa. Sasa tazama tovuti ya kawaida ya kamisheni. Inalinganisha chapa tano kwenye ukurasa mmoja. Imeshaanguka kwenye kigezo cha pili.

Mwaka 2010 kule Marekani, mume na mke madalali wa magari, waliokuwa na buy-a-lexus.com, walifika hadi rufaa bila wakili wakipambana na Toyota, na majaji wakakubali kwamba mtu anaweza kuitaja chapa kwenye jina ikiwa anaeleza kwa ukweli anachofanya. Kesi nzuri, naipenda. Lakini kama kipato chako ni dola 11, kuburuzana mahakamani na Toyota si mpango wa biashara. Na hata sheria ikikuachia, mwenye programu ya kamisheni ana masharti yake. Amazon wanakataza alama zao kwenye jina la tovuti, pamoja na zilizokosewa tahajia makusudi. Wakikutoa, na hela iliyokuwa njiani unaweza usiione.

Ndiyo maana nasema mkwaju, kile kimstari cha mshazari kwenye anwani ya tovuti. Kabla yake weka jina lako. Baada yake taja chapa unavyotaka: uchambuzi wa blenda fulani, modeli fulani, bei yake Kariakoo. Pale unaeleza makala inahusu nini, hujitangazi kuwa ni wewe. Na chapa hiyo ikidoda sokoni, tovuti inahamia nyingine bila kubadili jina.

Maneno yetu ya kawaida nayo yana mitego. Simba ni mnyama, ni klabu ya Msimbazi, ni saruji ya Tanga na ni krispi za Afrika Kusini, na wote wanaishi, kwa sababu alama husajiliwa kwa madaraja ya bidhaa na huduma, jumla 45. Disney walipoisajili "Hakuna Matata" Marekani mwaka 2003, ilikuwa kwa ajili ya fulana. Kelele zilikuwa nyingi, lakini mwongoza watalii wa Arusha hakunyang'anywa salamu yake. Anayetaka kupeleka fulana hizo Marekani ndiye wa kusita. Kwa hiyo ukitafuta kwenye hifadhidata ya chapa ya WIPO, ambayo ni bure, usiishie kuona neno lipo. Angalia daraja, nchi, na kama usajili bado uko hai. Ukumbuke pia kwamba Zanzibar ina masjala yake, mbali na BRELA.

Yule wa wiki hii anataka kuchambua viatu vya kukimbilia. Tulikaa kwenye simu dakika arobaini tukitupa maneno: vumbi, pumzi, soli, kilomita. Tulilolipenda likakutwa lina mwenyewe kwenye daraja la 25, la nguo na viatu, tukaanza upya. Saa tano usiku likapatikana lingine, safi. Jina la zamani nikamwambia asilielekeze kwenye tovuti mpya, aliache life muda wake ukiisha. Akaniuliza, kwa kuwa lina miezi kumi na moja bado, kwa nini asiwaandikie wenye chapa awauzie.

Nikamsimulia ya mieleka.