Kuondoa ukuta wa ndani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Anayetaka kuunganisha jiko na sebule hupata washauri kabla hajapata fundi. Mmoja atagonga ukuta kwa vidole, asikilize, kisha atoe hukumu: huu ni wa kugawa vyumba tu, bomoa bila wasiwasi. Hukumu za namna hiyo huwa na chembe ya ukweli, na ndiyo inayoponza watu.

"Ukilia wazi, haubebi kitu."

Mlio unakuambia ukuta umejengwa kwa kitu gani, basi. Fremu ya mbao iliyofunikwa kwa bodi za jipsamu hulia wazi hata ikiwa imebeba ghorofa nzima. Unene nao ni shahidi dhaifu, kwani zipo kuta za sentimita 10 zinazobeba na zipo nene zisizobeba chochote.

Ukuta husomwa kwa juu. Panda darini na tochi uone boriti zinaelekea wapi. Zikiukatisha ukuta, na hasa ukikuta boriti mbili zimeungana au kupandana juu yake, huo unabeba. Zikienda sambamba nao, pengine haubebi. Pengine, kwa sababu huenda kuna ukuta mwingine umesimama juu yake, au nguzo fupi za paa zimekanyaga hapo. Nyumba ikiwa na slabu ya zege hutaona boriti zozote, na jibu liko kwenye michoro ya nondo au kwa mhandisi wa majengo.

"Nyumba haina ghorofa, kuta za ndani ni pambo."

Inategemea paa. Kenchi zilizotengenezwa kama pembetatu kamili mara nyingi hukaa kwenye kuta za nje peke yake. Paa lililokatwa na kupigiliwa palepale ni habari nyingine: mafundi huegemeza mbao za kati kwenye kuta za ndani. Halafu kuna kazi isiyoonekana kabisa. Ukuta mrefu wa nje unaposukumwa na upepo hushikwa na kuta za ndani zilizofungamana nao. Ukiondoa huo uliokuwa ukiushika, umeuacha mrefu na mwembamba bila mshiko.

"Tumebomoa na dari haikushuka, kwa hiyo tumepona."

Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu linaonekana kama ushahidi. Uzito uliokosa ukuta hutafuta njia nyingine: fremu ya mlango ulio karibu, ukuta mwembamba ambao haukujengwa kwa kazi hiyo, mbao zilizopigiliwa kwa misumari miwili. Mbao iliyozidiwa hujipinda polepole, kwa miezi. Kwanza mlango wa chumba cha juu unaanza kubana, watu wanausingizia unyevu na kuupiga randa. Kisha unakuja ufa wa mshazari kutoka pembe ya juu ya mlango. Ufa huo ukiendelea kupanuka, usiuzibe na kupaka rangi kabla hujajua chanzo chake.

"Weka boriti ya chuma, yameisha."

Hapa tupige hesabu. Zege lenye nondo lina uzito wa kilo 2,400 hivi kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo slabu ya sentimita 15 ina kilo 360 kwa kila mita ya mraba. Chukua vyumba viwili vya upana wa mita 3.5 vilivyotenganishwa na ukuta wa kati. Ukuta huo hubeba takriban nusu ya slabu ya kila upande, yaani kilo 1,260 kwa kila mita ya urefu wake. Fungua mita 4 na boriti inapokea zaidi ya tani 5, kabla hujahesabu watu, samani wala kuta za juu.

Uzito huo ulikuwa umetandazwa kwenye msingi wote. Sasa unashukia sehemu mbili tu, tani 2.5 kila ncha. Ndiyo maana ncha hukalishwa juu ya kitako cha zege, zikikanyaga kwa kawaida si chini ya sentimita 15, na msingi wa chini hukaguliwa. Chuma nacho hufunikwa kukinga moto: kwenye joto la nyuzi 600 za Selsiasi hivi hubaki na takriban nusu ya nguvu yake. Na kabla tofali la kwanza halijatoka, slabu iwe imeshikiliwa kwa mirunda au nguzo za chuma za muda, zikisimama kwenye sakafu inayoweza kuzibeba.

"Nyumba ni yangu, ukuta ni wangu."

Kwenye jengo la vyumba vilivyopangana, ukuta wako ni mguu wa aliye juu yako. Mei 1968, gesi ililipuka ghorofa ya 18 kwenye jengo la Ronan Point, London, lenye ghorofa 22. Mlipuko ulisukuma nje ukuta uliokuwa ukibeba. Kona ya juu ikakosa pa kukaa, ikaanguka, na ikavunja na zilizo chini. Watu 4 walikufa.

"Ukizima umeme, hatari imeisha."

Bado kuna mabomba ya maji na ya gesi. Bodi za zamani zaweza kuwa na asibesto, nyuzi za madini ambazo vumbi lake husababisha saratani. Uingereza iliipiga marufuku kabisa mwaka 1999 tu. Zisiguswe kabla hazijapimwa. Vumbi la tofali na zege nalo lina silika inayoharibu mapafu: lowesha unapokata, na vaa barakoa ya vumbi inayobana uso.

"Kifusi tutakikusanya pembeni, tutakitoa kesho."

Ukuta wa tofali zisizo na matundu, wa mita 4 kwa 2.7 na unene wa sentimita 15, ni zaidi ya tani 3. Sakafu za makazi kwa kawaida husanifiwa kubeba watu na vitu vya kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba. Rundo la kifusi linalofika magotini linafikisha kilo 600 kwa kila mita hiyo. Ukiwa ghorofani, kishushe kila baada ya ndoo chache.