Je, wajua kwa nini ulanga huchambuka kama kurasa?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba ulanga, yale madini ya kumetameta ambayo wengine huyaita maika, huchambuka kama kurasa za kitabu kwa sababu ulitandazwa tabaka juu ya tabaka, kama tope linavyotuama chini ya ziwa. Sivyo kabisa. Ulanga wa kwenye graniti uliganda kutoka kwenye mwamba ulioyeyuka. Mwingine huota ndani ya mfinyanzi uliozikwa ardhini ukapata joto na mgandamizo. Vunja kipande cha graniti utazame: vibale vya ulanga vimeelekea kila upande, kimoja kimelala, jirani yake kimesimama wima. Vingekuwa vimetuama, vingelala vyote upande mmoja. Tena humo ndani hamna kurasa zilizokwisha kuhesabiwa. Popote utakapopenyeza ncha ya sindano sambamba na uso wake, hapo ndipo utakapoachana.

Siri iko kwenye atomu. Chukulia mkeka uliosukwa kwa silikoni na oksijeni, wenye matundu ya pembe sita. Mikeka miwili hutazamana, ikashonwa pamoja kwa alumini, au kwa magnesiamu na chuma, ukapatikana mkeka mmoja mnene. Kuuchana huo ni kazi. Lakini kati ya mkeka mnene mmoja na mwenzake hakuna mshono. Kuna atomu za potasiamu tu, zimekaa kwenye yale matundu, zikivuta huku na huku kwa chaji ndogo ya umeme. Hapo ndipo panapoachia. Kila mkeka mnene una unene wa takriban nanomita 1, yaani sehemu moja ya milioni ya milimita, kwa hiyo kibale cha milimita 0.1 ni mikeka kama 100,000 iliyopandana!

Kuutambua, bandua kibale chembamba, kipinde, kiachie. Ulanga hurudi ulivyokuwa, maana potasiamu huizuia mikeka isiteleze. Kloraiti, madini ya kijani yanayofanana nao, hubaki yamepinda.

Rangi isikuhadae. Ulanga una aina nyingi: muskovaiti kwa kawaida hung'aa kama fedha, biotaiti ni nyeusi, na lepidolaiti yenye lithiamu huelekea zambarau; lakini ipo pia muskovaiti ya waridi, na biotaiti iliyonyeshewa na kupigwa na hewa kwa muda mrefu hugeuka rangi ya dhahabu. Ukiiona kwenye mchanga wa mto, iguse kwa sindano. Dhahabu hubonyea. Biotaiti hubanduka, na chini ya kila kibale kinachotoka kuna uso mwingine laini unaong'aa.