Meno ya utotoni yaliyooza: dhana potofu na yale yaliyobainishwa na majaribio ya kitabibu

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba watoto milioni 514 duniani wana meno ya utotoni yaliyooza. Kwa muda mrefu meno hayo yalitibiwa kwa kanuni zilizoazimwa kwenye meno ya watu wazima: choma ganzi, chonga uozo wote, ziba. Katika miongo miwili iliyopita majaribio makubwa yamezipima kanuni hizo kwa watoto wenyewe, na baadhi yake hazikustahimili kipimo. Matokeo hayo nayo yamezaa dhana zake potofu, ndiyo maana tunaziweka hapa pamoja na zile za zamani.

"Litang'oka lenyewe, kwa nini kulitibu?"

Jino gani, na mtoto ana umri gani? Jino la mbele lililooza kwa mtoto wa miaka sita huenda limebakiza miezi tu. Gego la pili la utotoni ni jambo jingine kabisa: huota karibu na umri wa miaka miwili na nusu na hung'oka kati ya miaka 10 na 12. Likitoboka mtoto akiwa na miaka mitatu, kuna miaka saba au zaidi ya kulitafunia au kuteseka nalo.

Jino la utotoni pia lina enameli, yaani tabaka gumu la nje, iliyo nyembamba, na kiini chake, yaani sehemu ya ndani yenye neva na mishipa ya damu, ni kikubwa kikilinganishwa na jino lenyewe. Kwa hiyo uozo hufika ndani upesi. Usaha ukijikusanya kati ya mizizi ya gego, unakaa juu kabisa ya jino la kudumu linalojengeka chini yake, na jino hilo linaweza kuota likiwa na madoa ya kahawia au enameli yenye mashimo. Gego la pili likipotea mapema, gego la kwanza la kudumu, linaloota nyuma yake karibu na miaka sita, husogea mbele na kubana nafasi ya jino linalokuja.

"Uozo wote lazima uchongwe mpaka uishe"

Dhana hii ndiyo iliyotikiswa zaidi na utafiti, nayo bado inaaminiwa hata na baadhi ya matabibu.

Bakteria wa uozo wanaishi kwa sukari inayotoka kinywani. Ukiwafungia ndani ya jino kwa kizibo kisichovuja, sukari inakatika, utengenezaji wa asidi unapungua mno na uozo unasimama, huku kiini kikipata muda wa kujijengea ukuta mpya wa dentini, yaani tabaka lililo kati ya enameli na kiini. Kuchonga mpaka mwisho kunaondoa bakteria, lakini kwenye shimo refu kunaweza kutoboa hadi kwenye kiini, na hapo tatizo linakuwa kubwa kuliko ulilolikuta. Kinachoamua hatima ya jino ni ubora wa kizibo pembezoni, kuliko usafi wa sakafu ya shimo.

Ushahidi ulioleta mabadiliko ulitoka Scotland. Daktari wa meno Norna Hall alikuwa akivalisha magego yaliyooza kofia za chuma bila sindano, bila kuchonga na bila kuondoa uozo. Kumbukumbu za wagonjwa wake zilichambuliwa na kuchapishwa mwaka 2006. Jaribio la Tayside, eneo la Scotland, likafuata, likiwa na watoto 132, kila mmoja akiwa na magego mawili yaliyooza kwa namna inayofanana: bahati nasibu iliamua lipi livalishwe kofia na lipi lizibwe jinsi daktari wake alivyozoea. Baada ya miaka mitano, watafiti waligawa kasoro katika makundi mawili. Kasoro kubwa ni kiini kuvimba kusikotibika, usaha, au jino kuharibika lisiweze kurekebishwa. Zilitokea katika asilimia 3 ya magego yenye kofia na asilimia 16.5 ya yaliyozibwa. Kasoro ndogo, kama kizibo kung'oka, zilikuwa asilimia 5 kwa 42. Ni matokeo ya watoto 91 waliofuatiliwa angalau miezi 48, kwa hiyo sehemu ya walioanza haimo. Hata hivyo pengo ni pana mno kuelezwa na hao pekee.

Kazi yenyewe ni rahisi kuitazama, lakini inaharibika ikifanywa kwa haraka. Kwanza ni kuchagua jino. Lisiwe na jipu la fizi, lisiwe linauma lenyewe usiku, na picha ya eksirei ionyeshe utepe wa dentini isiyooza kati ya uozo na kiini. Meno yakibanana, vipete vya mpira huwekwa katikati yake na kuachwa siku tatu hadi tano ili yaachane kidogo. Siku ya kofia mtoto hukaa wima, na kitambaa cha gozi huwekwa kuzuia kofia isiteleze kuelekea kooni. Huchaguliwa kofia ndogo kuliko zote inayofunika jino lote na kurudi kidogo kama springi inapojaribiwa; kwenye kujaribu haisukumwi mpaka chini, kwa sababu kuitoa tena ni kazi. Kisha hujazwa gundi ya glasi-ionoma, husukumwa kwa kidole, na mtoto huambiwa aume kwa nguvu. Gundi iliyozidi hufutwa, uzi hupitishwa kati ya meno, na mtoto huendelea kuuma dakika mbili au tatu hadi ishike.

Fizi itageuka nyeupe kwa dakika chache. Meno ya upande wa pili hayatagusana vizuri, na wazazi wengi hapa hupata hofu, lakini mng'ato hujirekebisha ndani ya wiki chache. Mambo yanayoharibika kweli ni mengine. Kofia kubwa mno kwenye gego la pili inaweza kulizuia gego la kwanza la kudumu likwame chini ya ukingo wake. Gundi kidogo mno huacha njia ya mate kupenya. Na kosa baya kuliko yote ni kuvalisha kofia jino ambalo kiini chake kimeshakufa: umefungia usaha, nao utatoka tu.

"Jaribio la Uingereza lilionyesha kwamba kutibu hakuna faida"

Hii inahusu jaribio la FiCTION, lililochapishwa mwaka 2020. Watoto 1,144 wenye umri wa miaka mitatu hadi saba, kutoka kliniki 72 za England, Scotland na Wales, waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu: kuchonga na kuziba kwa ganzi, kufungia uozo ndani kwa kofia au kizibo, na kinga peke yake. Wote waliingia wakiwa na gego moja au zaidi lililooza hadi kwenye dentini, lakini bila maumivu wala usaha. Walifuatiliwa hadi miaka mitatu. Waliopata maumivu au maambukizi angalau mara moja walikuwa asilimia 42 katika kundi la kwanza, 40 la pili na 45 la tatu, na takwimu hazikuonyesha kundi lililozidi jingine.

Lakini "kinga peke yake" haikuwa kumwacha mtoto. Ilikuwa kupaka vanishi ya floraidi, kuziba mifereji ya magego ya kudumu, kufundisha upigaji mswaki na kupunguza sukari, na jino likianza kuuma lilitibiwa. Makundi mawili mengine nayo yalipata kinga hiyo hiyo. Halafu, kukosa kuona tofauti si sawa na kuthibitisha kwamba njia zote zinalingana. Somo lenyewe la FiCTION linatuuma zaidi: watoto wanne kati ya kila kumi waliugua hata walipotibiwa kwa kufuata utaratibu. Maana yake ni kwamba wengi wanafika kwa daktari uozo ukiwa umeshakwenda mbali.

Mtu atauliza, mbona Tayside ilionyesha tofauti kubwa na FiCTION haikuonyesha? Sehemu ya jibu iko katika kinachohesabiwa. Tayside walihesabu gego moja dhidi ya jenzake katika kinywa kile kile. FiCTION walimhesabu mtoto mzima, na jino lolote lililouma lilimwingiza katika hesabu ya walioshindwa. Ukisoma utafiti wowote wa meno ya watoto, anza na swali hilo: kinachohesabiwa ni jino au ni mtoto? Meno matano ya mtoto mmoja hayawezi kuchukuliwa kama ushahidi tano huru, kwa sababu yanakula chakula kimoja na kupigwa mswaki na mkono mmoja.

"Dawa inayolifanya jino kuwa jeusi inalioza"

Kinyume chake ndicho kinachotokea. Dawa hiyo ni silva daiamini floraidi, inayojulikana kwa kifupi kama SDF. Kwa nguvu ya asilimia 38 ina floraidi ya takriban 44,800 ppm (sehemu kwa kila milioni) pamoja na madini ya fedha yanayoua bakteria. Weusi ni fedha iliyoshikamana na dentini iliyooza. Enameli isiyooza haibadiliki. Uozo unaoendelea huwa laini na wenye rangi ya manjano au kahawia. Uliosimama huwa mgumu, na ukiukwaruza taratibu kwa kifaa hauchimbiki. Rangi pekee haitoshi kuamua, ugumu ndio unaopimwa.

Katika jaribio la Hong Kong lenye watoto 888, matokeo ya miezi 30 yalikuwa hivi: asilimia 38 ikipakwa mara mbili kwa mwaka ilisimamisha uozo katika asilimia 75.7 ya sehemu zilizotibiwa, ikipakwa mara moja kwa mwaka asilimia 66.9. Dawa ya nguvu ya asilimia 12 ilifika 58.6 na 55.2. Kwa hiyo kupaka mara mbili kwa mwaka kunafaa zaidi kuliko mara moja. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiweka SDF katika orodha yake ya dawa muhimu.

Upakaji: mafuta ya kulainisha kwenye midomo na fizi, pamba pembeni kuzuia mate, mabaki ya chakula yatolewe, jino likaushwe, kisha tone moja, linalotosha meno kadhaa, lisuguliwe kwa kibrashi kidogo kwa dakika moja. Ikigusa ngozi huacha doa linaloisha lenyewe kwa siku kadhaa. Haipakwi kwa mtoto mwenye mzio wa fedha, wala kwenye jino ambalo kiini kiko wazi. Shimo kubwa litaendelea kunasa chakula hata likishakuwa jeusi, na linafaa kufunikwa baadaye kwa glasi-ionoma. Mzazi aonyeshwe picha ya jino lililopakwa kabla ya kukubali. Kumficha rangi hiyo ni kumkosea.

"Uozo ukifika kwenye kiini, ni kung'oa tu"

Si lazima. Ikiwa uvimbe umeishia sehemu ya juu ya kiini, sehemu hiyo hukatwa na mizizi kubaki hai. Kinachoongoza uamuzi ni damu: pamba yenye unyevu hukandamizwa kwa dakika tano hivi. Damu ikikoma, kazi inaendelea. Ikiendelea kutoka, nyeusi na nyingi, uvimbe umeshafika mizizini na itabidi mizizi isafishwe yote au jino ling'olewe. Jino linalolegea kabla ya wakati wake, lenye jipu la fizi, au ambalo mfupa kati ya mizizi umeliwa halifai kwa tiba hii.

Kwa miongo mingi kiini kilichobaki kilipakwa dawa ya fomokresoli, iliyoletwa na daktari wa meno Buckley mwaka 1904. Ina fomaldehidi, ambayo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliitangaza mwaka 2004 kuwa inasababisha saratani kwa binadamu. Kipimo kinachotumika kwenye jino ni kidogo sana, lakini kuna sababu nyingine ya kuiacha: mapitio ya mwaka 2018 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, yaliyokusanya majaribio 87, yaliiona saruji ya meno iitwayo MTA kuwa bora kuliko fomokresoli na kuliko kalsiamu haidroksaidi. Hiyo ya mwisho mara nyingi hufuatiwa na mizizi kulika kutokea ndani. MTA inaweza kutia jino rangi ya kijivu, jambo lisilo na uzito kwenye gego litakalovalishwa kofia. Na livalishwe: mate yakipenya, tiba ya kiini hufa hata kama ilifanywa vizuri.

"Kwenye utafiti watoto hufanyiwa majaribio kama panya"

Tangu Azimio la Helsinki la 1964, lenye kanuni za maadili ya utafiti wa kitabibu kwa binadamu, na marekebisho yake yaliyofuata, mtoto haingizwi bila ridhaa ya mzazi au mlezi, na mtoto anayeweza kuelewa naye huulizwa. Akikataa, anaheshimiwa. Kundi la kulinganisha hupata tiba inayotumika kwa kawaida. Kugawa kwa bahati nasibu kunakubalika pale tu wataalamu wanapokuwa kweli hawajui ipi ni bora. Mzazi anaweza kumtoa mtoto siku yoyote bila kupoteza matibabu.

"Antibiotiki zitamaliza tatizo"

Hazilimalizi. Damu haifiki tena ndani ya kiini kilichokufa, hivyo dawa nayo haifiki. Uvimbe unaweza kupungua kwa siku chache kisha ukarudi, kwa sababu chanzo kimebaki. Jipu dogo la fizi kwa mtoto asiye na homa linahitaji jino litibiwe au ling'olewe. Antibiotiki zina nafasi maambukizi yanaposambaa, na hata hapo jino bado linapaswa kushughulikiwa. Uso ukivimba, jicho likianza kufumba, mtoto akipata homa, akishindwa kumeza au kufungua kinywa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.